Mshale Umelala Kwa Baridi, Fundi Anasema Ndo Poa

Mwezi jana nilijibu swali la gari inayochemsha kwa foleni ya feri pale Likoni, na nikagusia themostati (ule mlango mdogo unaozuia maji yasipite kwa rejeta mpaka injini ipate joto) kwa mstari mmoja tu, nikasema msikubali itolewe ovyo. Kumbe nimetia mkono mzingani. Barua zimekuja za kila aina, wengine wananishukuru, wengine wananitukana kwa adabu, na fundi mmoja wa Changamwe kaniambia nirudi shule. Nimechagua chache. Zote ni za gari inayokataa kupata joto, ugonjwa ambao hapa kwetu watu wanauona kama baraka.

Assalam alaykum fundi. Nina Fielder NZE121 ya 2004, nakaa Bamburi, kila wiki naenda nayo Voi na kurudi kikazi. Hapa mjini mshale wa temprecha unapanda mpaka chini kidogo ya katikati, lakini usiku nkishapita Mariakani barabara imefunguka natembea mia, mshale unashuka taratiiibu mpaka unakaribia ile C ya baridi, nikisimama Maungu kunywa chai unapanda tena. Petroli nayo, safari nlokua natia elfu nne sasa natia elfu tano na ushee. Na kuna wakati gia ya mwisho haiingii, injini inapiga kelele tu. Fundi wangu anasema hio ndo poa, injini baridi haifi. Fundi wa pili kabadilisha sensa ya temprecha, hola. Naanzia wapi? — Msomaji, Bamburi

Waalaykum salaam kaka. Umeandika kitu kikubwa bila kujua. Mshale unashuka ukikimbia, unapanda ukisimama. Hio peke yake ni nusu ya jibu. Sensa ikiwa mbovu haijui ka wewe uko mia ama uko Maungu umeshika kikombe, itadanganya vile vile kote. Kinachojua ni upepo. Maji yako yanazunguka kwa rejeta muda wote hakuna wa kuyazuia, ukikimbia usiku upepo unayapoza kupita kiasi, ukisimama upepo umekwisha joto linajikusanya mshale unapanda. Kwa hivo ile pesa ya sensa masikini imeenda bure.

Tena ujue geji za Toyota nyingi zimetulizwa makusudi. Mshale unakaa pale pale karibu na katikati hata maji yakipanda na kushuka nyuzi kumi ishirini, ili dereva asishtukeshtuke. Sasa ukiona mshale wa namna hio umetoka katikati na unashuka mbele ya macho yako, ujue maji hayako baridi kidogo, yamepoa haswa.

Ukitaka kuhakikisha, usianze na spana. Asubuhi gari imelala usiku kucha fungua mfuniko wa rejeta (asubuhi nimesema, gari ikiwa moto usiguse, maji yatakurukia usoni) uangalie kama maji yamejaa mpaka juu. Hili la kiwango cha maji nitalirudia mbele kwa sababu limewahi kunitia aibu. Yakiwa yamejaa funga, washa injini, AC zima, kisha shika hospaipu mbili za rejeta, ya juu na ya chini, uchunge mikono isishikwe na feni. Kwa injini yako themostati iko upande maji yanapoingilia, yani kule hospaipu ya chini inakoenda, imejificha karibu na alteneta. Hospaipu ya juu itapata joto mapema tu, hio usiihukumu. Ya chini ndo shahidi. Themostati ikiwepo na iko sawa, hospaipu ya chini itabaki baridi dakika nyingi, hata kumi hivi gari ikiwa imesimama, halafu ghafla bin vuu inashika moto mkononi mwako kama mtu kafungulia bomba. Ikiwa haipo au imekwama wazi, zote mbili zitapanda joto pamoja polepole toka mwanzo kama mapacha.

Ukiweza kupata kale ka skena kadogo ka kuchomeka chini ya stering kanakosoma kwa simu, bora zaidi, ingawa gari za soko la Japani za miaka hio zingine zinakataa hizo programu za simu, ikikataa nenda kwa fundi wa umeme mwenye mashine kubwa. Kabla ya kuwasha, gari imelala, soma temprecha ya maji na temprecha ya hewa inayoingia. Zinatakiwa zikaribiane, kwa sababu usiku kucha kila kitu kimekaa sawa na hewa ya Bamburi. Zote zikiwa ishirini na saba nane hivi, sensa yako nzima, imalize kesi. Ukiona maji yanasoma nyuzi arobaini chini ya sufuri basi waya umechomoka au sensa imekatika ndani, maana Bamburi hatujaona theluji bado. Fundi asiye na skena anaweza kupima sensa kwa mita: sensa za Toyota za aina hio zikiwa kwenye nyuzi 20 zinasoma ohm elfu mbili na ushee, zikifika nyuzi 80 zinashuka mpaka mia tatu na kitu. Joto likipanda ohm zinashuka.

Halafu tembea nayo, mtu wa pembeni ashike simu. Ikiwa sawa itapanda mpaka themanini na kitu na itakaa hapo ukiwa mjini, ukiwa barabara kuu, mchana, usiku. Yako nakuwekea dau itakaa hamsini, sitini, na kila ukikanyaga itazidi kushuka.

Kuhusu gia: gari nyingi za otomatiki kompyuta haikubali kutia gia ya juu kabisa mpaka maji yapate joto la kutosha. Si giaboksi mbovu. Na petroli vile vile, kompyuta ikiona maji baridi inadhani umewasha gari sasa hivi, inaendelea kumimina petroli ya ziada safari nzima mpaka Voi. Zamani tulikuwa tunavuta choki asubuhi, unakumbuka? Sasa wewe unaendesha na choki imevutwa kilomita mia na hamsini.

Fungueni hapo kwa themostati. Nina hakika mtakuta patupu, kuna fundi aliitoa bila kukwambia.

Fundi, mimi nashika spana miaka 14 hapa Changamwe. Hizo themostati zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa theluji. Mombasa ni joto, gari haihitaji kuchemshwa inachemka yenyewe. Mimi nazitoa zote na hakuna mteja alorudi kulalamika. Usiwapotoshe watu. — Fundi wa Changamwe

Fundi mwenzangu, miaka 14 si mchezo na sikuvunjii heshima. Hebu tuhesabu pamoja lakini. Mombasa Machi jua likiwa kali tunafika thelathini na mbili, tatu. Tokyo Agosti wanafika thelathini na tano, na themostati wanaacha ndani. Injini inataka maji ya themanini na kitu. Kutoka thelathini na mbili mpaka themanini na mbili ni nyuzi hamsini, nani anazijaza hizo? Joto la Mombasa linakusaidia kupanda ngazi za mwanzo tu, kwengine kote injini inajipandisha yenyewe, na ukiachia maji yakapita kwa rejeta saa zote haifiki.

Najua mtindo huu ulitoka wapi, hata mimi nimelelewa nao. Themostati ikikwama imefunga, gari inachemsha, hedi (kile kichwa cha juu cha injini) inapinda, mteja analia. Na maji yetu tunayotia ni ya visima, yana chumvi, yanakula chuma mpaka springi inaoza. Fundi akiona hivyo anasema toa, tupa, pumzika. Njiani usiku mimi mwenyewe nishaitoa Mackinnon Road kumfikisha mtu nyumbani, hakuna haramu hapo. Tatizo ni kwamba ile dawa ya njiani tumeifanya chakula cha kila siku.

Na sasa sikiliza hili, kwa sababu mafundi wengi wananikatalia mpaka niwaonyeshe kwa macho. Chukua themostati ya Toyota ya kawaida uigeuze. Ina sahani mbili. Ile kubwa ya juu unaijua, inafunga njia ya rejeta. Chini, kwenye mguu, kuna sahani ndogo imekaa kama kitako. Kazi yake wengi hawaijui. Injini ikiwa baridi, kubwa imefunga na ndogo imeachia, maji yanazunguka ndani kwa ndani kwa njia ya mkato ili yapate joto haraka. Yakipata moto, kubwa inafunguka na kwa mwendo huo huo ndogo inashuka inaziba njia ya mkato, ili maji yote yalazimike kupita kwa rejeta. Kitu kimoja, milango miwili.

Wewe ukiitoa umeng'oa milango yote miwili. Njia ya mkato inabaki wazi daima, kwa hivo sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila hata kuonja rejeta. Barabara ya Voi huoni shida, upepo ni mwingi, injini inaganda. Lakini ileta kwenye foleni ya Likoni saa kumi na moja jioni, AC imewashwa, watu watano ndani, jua la Februari: yale maji kidogo yanayopita kwa rejeta hayatoshi, na gari INACHEMSHA. Ndo hapo mwenye gari anakurudia, unamwambia rejeta imeziba, anaoshewa rejeta, haiponi, unamwambia wota pampu, ananunua wota pampu, haiponi, unafunga feni direct izunguke muda wote. Gari moja, mjini inachemsha, safarini inaganda, na ugonjwa ni ule ule mmoja ulioutoa ukautupa kwenye debe la chuma chakavu.

Hawajarudi kulalamika? Wanarudi, ila kesi wanaileta kwa jina lingine. Plagi nyeusi ti kama masizi ya sufuria. Petroli inaisha. Oili ukichomoa kijiti inanukia petroli, tena kiwango kimepanda badala ya kushuka, maana petroli isoungua inateleza kwenye kuta za silinda, inaosha oili, inashuka chini kwa bakuli. Injini ya hivo pistoni ringi zinaliwa mapema. Nawe unasema ah, injini imezeeka.

Hiyo feni direct pia tuiseme. Feni peke yake haiwezi kugandisha injini ikiwa themostati nzima iko ndani, kwa sababu rejeta hata ikiwa barafu, mlango ukifunga maji baridi hayaingii. Kwa hivo gari ikiwa baridi msikimbilie kulaumu feni. Ifungeni kwa rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima) inavyotakiwa, sawa, lakini ugonjwa tafuteni kwengine.

Hujambo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Ukunda, gari yangu ni Vitz. Haina mshale, ina taa ya bluu tu ya kijidude kama feni ndani ya maji. Ile taa inakaa mpaka nafika shule kuwashusha watoto ndo inazima, kama dakika kumi na tano, zamani ilikua inazima kabla sijatoka mtaani. Na kijana aloniongezea oili kaniambia kwa mfuniko kuna kitu cheupe kama mala, ati hedi gasketi imeungua nitafute laki. Nimekosa usingizi. — Mama wa Ukunda

Sijambo dada yangu, lala usingizi kwanza. Hio taa ya bluu maana yake maji bado baridi, sio hatari yenyewe, ikiwaka asubuhi ni haki yake. Ya hatari ni nyekundu, hio ukiiona simama hapo hapo. Ila bluu pwani yetu haitakiwi kukaa hivo. Injini inaanzia nyuzi ishirini na kitu asubuhi, si sufuri, dakika chache za kuendesha zinatosha kuizima. Ikikaa robo saa, au ikizima halafu ikawaka tena ukiwa barabarani, themostati imekwama wazi au haipo.

Na ile mala inatokana na hio hio. Ndani ya injini huwa kuna unyevu, na hewa yetu ya pwani unyevu ni wa kuchota. Injini ikipata moto wa kutosha ule unyevu unageuka mvuke unatoka. Isipopata, na safari zako za shule ni fupifupi, unajikusanya pale juu kwenye mfuniko unachanganyika na oili unakua cheupe. Hedi gasketi ina dalili zingine: maji yanapungua kila siku bila kuvuja chini, oili kwa kijiti yenyewe ni ya maziwa, moshi mweupe hauishi hata gari ikipata moto. Angalia kijiti. Oili ikiwa rangi ya kawaida na maji hayapungui, hio laki weka ya karo. Badilisha themostati, mwaga oili utie mpya, futa mfuniko kwa kitambaa, uangalie baada ya wiki mbili.

Ami, salamu. BMW yangu E90 haina geji ya maji kabisa. Taa ya injini imewaka, mashine inasema P0128. Nimesoma temprecha kwa simu inakaa 75 mpaka 80. Marafiki wote wananiambia 80 ni sawa kabisa hata Toyota ni hivo. Sensa nishabadilisha mara mbili. — Kijana wa Nyali

Mwanangu, kila gari na joto lake. P0128 maana yake kompyuta inalalamika kwamba maji hayafiki joto ambalo themostati inatakiwa kuyafikisha. Haisemi sensa mbovu, sensa ina kodi zake mwenyewe, yani namba za makosa, kama P0116, 117, 118. Ingekua sensa, mara nyingi ingekwambia sensa. Wewe umeambiwa mlango haufungi, unabadilisha kengele mara mbili.

Hio ya kwako themostati yake ina waya wa umeme, kompyuta inaiamrisha ifunguke lini, na ukitembea polepole bila mzigo inaachia maji yapande mpaka mia na zaidi kidogo ili petroli iungue vizuri. Kwa Toyota themanini na mbili ni nyumbani, kwa yako sabini na tano ni homa ya baridi. Tafuta themostati ya namba ile ile iloandikwa kwa gari yako na usinunue ya bei ya kutupa, maana hizi zinakuja na nyumba yake ya plastiki na plastiki mbaya inapasuka. Kabla ya kununua angalia soketi ya ule waya kama haijaoza kwa chumvi, Nyali uko karibu na bahari.

Fundi mbona mi mshale hausogei KABISA, uko kwenye C toka nimenunua gari, asubuhi mchana jioni. Nafurahia ama nilie? — Tudor

Usifurahie. Na usiendeshe mbali mpaka ujue.

Nilisema nitarudi kwenye kiwango cha maji. Miaka hio nilikua na Corolla kuukuu, natoka mjini kwenda Mariakani, nimepanda kile kilima cha kuelekea Mazeras nimebeba mabati juu. Mshale uko chini kabisa, mi napiga mluzi, nasema leo gari imetulia. Nanusa harufu tamu tamu, nikadhani ni lori la mbele yangu. Sekunde chache boneti inatoa moshi kama jiko la makaa lilomwagiwa maji. Tenki la plastiki la rejeta lilikua limepasuka kwenye ufa usozidi ukucha, maji yote yametoka, na sensa ilikua imebaki ikining'inia kwenye hewa. Sensa hupima maji, hayakuwepo maji ya kupima, basi ikasema baridi. Hedi ilipinda. Nilivutwa kwa kamba mpaka nyumbani na mimi ndo fundi wa mtaa.

Kwa hivo wewe wa Tudor, asubuhi angalia maji yamejaa. Yakiwa yamejaa, tembea robo saa, uje ufungue boneti uweke mkono karibu na hospaipu ya juu bila kuifinya. Ikiwa inaunguza, injini iko moto na geji ndo iliokufa, waya au sensa au geji yenyewe. Hapo unaendesha kipofu, tengeneza upesi. Ikiwa vuguvugu ya kuogea mtoto, basi soma jibu la ndugu yako wa Bamburi hapo juu.

Kaka nimefungua nimekuta themostati ipo, lakini sijui kama nzima au imekufa. Dukani wananiambia nunua tu. Kuna njia ya kuijua kabla sijatoa pesa? Alafu kuifunga kuna ujanja gani? — Kijana wa Kisauni

Ipo, na si ngumu kama mtihani wa shule. Ukiitoa tu iangalie kwa macho ikiwa baridi, uinyanyue kwenye mwanga: sahani kubwa inatakiwa ikae imefunga tii. Ukiona mwanga unapita pembeni, au kuna kipande cha gasketi ya zamani kimebanwa hapo katikati, au springi imevunjika, ishakufa, hakuna haja ya kupika.

Ikiwa imefunga, ipike. Chukua sufuria ya zamani, na nasema ya zamani kwa sababu ya kwangu ya kwanza ilikua ya pilau na nilinuniwa siku tatu. Funga themostati kwa uzi uining'inize katikati ya maji, isiguse chini maana chini kuna joto la moto wenyewe. Weka kipimajoto cha jikoni. Washa moto mdogo. Utakaa pale unaangalia kitu hakifanyi kitu, sabini, sabini na tano, utachoka, utataka kuondoka, usiondoke. Ndani ya lile kopo la shaba kuna nta, na nta ikiyeyuka inavimba inasukuma fimbo. Karibu na ile namba ilopigwa muhuri kwenye chuma, mara nyingi 82 kwa Toyota, utaiona sahani inatetemeka kisha inaachana na ukingo kama jicho la mtu anaeamka. Ukifika tisini na tano inatakiwa iwe wazi kabisa, karibu sentimita moja. Zima moto, maji yakipoa ifunge yenyewe mpaka mwisho. Ikifunguka sitini, au ikifunguka vizuri lakini ikipoa ikabaki na ufa, ndo hio inayokugandisha injini. Ukitoka dukani na mpya pia ipike kabla hujaifunga, wala usione haya, mpya mbovu zipo.

Kununua, nenda na ile ya zamani mkononi ulinganishe. Namba iwe moja, kipenyo kimoja, na muhimu zaidi ya yote igeuze uangalie kama ina ile sahani ndogo ya chini kama ya zamani ilikua nayo. Kuna za bei rahisi zimepunguzwa kitako. Bei ya ilokamilika haifiki nusu tenki ya petroli.

Kuifunga: safisha gasketi ya zamani yote, ile ringi ya mpira ibadilishe, na kile kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza kiangalie juu, ni cha kutolea hewa. Ukikiweka chini hewa itanasa na utanipigia kelele kwamba sasa gari inachemsha. Nati kaza kwa mkono wa adabu, ni ndogo, zinakatika. Jaza kulanti iliochanganywa na maji yalochujwa, sio ya kisima nakuomba. Paki gari pua ikiangalia juu ya mlima, washa hita mpaka mwisho wa moto, najua hujawahi kuigusa tangu uzaliwe hapo Kisauni lakini iwashe, maji yapite na huko. Acha mfuniko wazi injini ikiwa bado baridi, iwashe, finya hospaipu polepole mapovu yatoke, ongeza maji kila yakishuka, yakianza kupanda yenyewe kwa joto funga mfuniko. Subiri feni iwake izime mara mbili. Kesho asubuhi ikiwa baridi fungua uongeze tena, huwa inapungua kidogo siku ya kwanza.

Na ile ya zamani usiitupe. Nipigie picha ya chini yake, nataka kuona kama kitako kipo.